Amana ya Chama: Ni Nani Afaaye Kuichukua?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya maadhimisho ya chama

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.



Siku kama ya leo, chama kinapohesabu miaka yake, ni desturi kuyataja majina ya waliotangulia na kuwaombea rehema. Hilo ni jambo jema. Lakini wazee hao hawakuacha majina peke yake. Waliacha kiwanja, msikiti, vyumba vya madrasa, fungu la mayatima na daftari la hesabu. Vitu hivi havina mikono ya kujilinda wala ulimi wa kujitetea. Asipopatikana mtu wa kuvisimamia hupotea, na aghalabu hupotea kimya kimya, bila ya mwizi kuonekana.

Basi yafaa katika siku hii kuulizwa swali moja: ni nani afaaye kupewa amana hii?

Kila ifikapo siku ya uchaguzi, maneno matatu husikika katika vyama vingi vya Waislamu. Mmoja husema, "Huyu bado mtoto." Wa pili husema, "Huyu ni mwanamke." Wa tatu husema, "Huyu hakusoma." Mara nyingine maneno hayo hugeuzwa upande wa pili: "Huyu mzee amekwisha," au, "Huyu amesoma hata akajiona." Mkutano ukivunjika, umri umekwisha pimwa, uume na uke vimekwisha pimwa, na vyeti vimekwisha pimwa, lakini kazi yenyewe, ambayo kwa ajili yake mtu anachaguliwa, haikutajwa hata mara moja. Hapo ndipo lilipo kosa. Anayetaka fundi hutaja kwanza kama ni mlango anaotaka au ni nguo. Vivyo hivyo, anayetaka kiongozi yampasa ataje kwanza kazi.

KIPIMO

Qur'ani Tukufu imesimulia habari ya Wana wa Israili, walipomwomba Nabii wao awawekee mfalme wa kuwaongoza vitani. Walipoambiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemchagua Talut, walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba wao wanaustahiki ufalme kuliko yeye, naye ni mtu asiye na mali nyingi. Wakajibiwa kwamba Mungu amemzidishia Talut elimu na nguvu za mwili. Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa vita, na vita vinataka maarifa na nguvu. Talut alikuwa navyo vyote viwili. Mali waliyoitaja wao haikuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Habari ya pili ni ya Nabii Musa alipofika Madyan akiwa mkimbizi, asiye na mtu wala kitu. Aliwanywesheza wasichana wawili wanyama wao, na mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akisema kwamba mtu mwema wa kuajiriwa ni yule mwenye nguvu na mwaminifu. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba kipimo hiki mashuhuri cha kumchagua mtu wa kazi kilitoka kinywani mwa msichana, mzee akakikubali, na Qur'ani ikakihifadhi mpaka siku ya Kiyama.

Habari ya tatu ni ya Nabii Yusuf mbele ya mfalme wa Misri. Alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, hakutaja kwamba yeye ni mwana wa Yaakub na mjukuu wa Is-haka. Alitaja mambo mawili tu: kwamba ni mlinzi, na kwamba ni mjuzi.

Katika habari hizi tatu kipimo ni kimoja: uwezo wa kazi, na uaminifu. Mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyeishi baina ya mwaka 1263 na 1328, ameeleza katika kitabu chake juu ya siasa ya kisharia kwamba nguvu hubadilika kwa kadiri ya kazi. Nguvu za vitani ni ushujaa na kuzijua hila za vita. Nguvu za hukumu ni kuijua haki na kuweza kuitekeleza. Kwa kipimo hicho, nguvu za mweka hazina ni hesabu; nguvu za katibu ni kalamu; nguvu za msimamizi wa wakfu ni macho makali na kumbukumbu; na nguvu za mwenyekiti ni kifua cha kustahimili maneno ya watu. Wahenga hawakusema bure kwamba ukubwa ni jalala.

Wala uaminifu peke yake hautoshi. Abu Dharr (Mwenyezi Mungu amridhie) alikuwa mkweli asiye na mfano. Alipoomba kupewa kazi ya utawala, Mtume (S.A.W.) alimpiga begani kwa upole, akamweleza kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo, na kwamba hiyo ni amana, nayo siku ya Kiyama huwa fedheha na majuto ila kwa atakayeichukua kwa haki yake. Abu Dharr hakutukanwa, wala ucha Mungu wake haukutiwa ila. Aliambiwa tu kwamba kazi hii si yake. Chama chenye watu wanaoweza kuambiana neno hilo bila ya kugombana kimekwisha pata nusu ya uongozi mwema.

UMRI

Wazee wana haki yao, na haki hiyo haipunguzwi na mtu. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mzee anajua kiwanja kilinunuliwa kwa nani, mpaka wake ulipita kwenye mti gani, na ugomvi wa familia fulani ulianzia wapi. Kijana asiyejua hayo huweza, kwa barua moja ya haraka, kukiwasha tena kilichozimwa miaka thelathini iliyopita. Ndiyo maana ikasemwa: penye wazee haliharibiki neno.

Lakini methali hiyo inasema penye wazee. Haikusema penye wazee peke yao, wala haikusema kwamba ufunguo wa sanduku uzikwe pamoja na mzee.

Katika mwaka 11 wa Hijra (632) Mtume (S.A.W.) alimweka Usama bin Zaid kuwa jemadari wa jeshi la kwenda mipaka ya Sham, naye hakuwa amefika, au ndiyo kwanza amefika, umri wa miaka ishirini. Katika jeshi hilo walikuwamo watu wazima waliomtangulia kwa miaka mingi. Baadhi ya watu walinung'unika. Mtume, hali ni mgonjwa, alitoka akawakumbusha kwamba walikwisha nung'unika vivyo hivyo juu ya uongozi wa baba yake, naye alikuwa anaustahiki, na mwana naye anaustahiki. Mtume akafariki kabla ya jeshi kwenda. Sayyidna Abubakar, aliyekuwa Khalifa na mzee wa miaka zaidi ya sitini, alikataa kumwondoa kijana huyo. Alitoka kumsindikiza, Usama amepanda mnyama na Khalifa anakwenda kwa miguu. Kisha akamwomba Usama ruhusa ya kumwacha Umar Madina ili amsaidie. Hakumwamuru; alimwomba, kwa kuwa Umar alikuwa askari katika jeshi la Usama.

Tendo hilo la Abubakar ni somo la wazee wa kila chama. Kumpa kijana cheo si kazi ngumu. Mkono ukiinuliwa mkutanoni, imekwisha. Kazi ngumu ni kumwachia kijana madaraka ya cheo alichopewa, na kumwomba ruhusa katika jambo lililo chini yake.

Mwaka uliofuata Abubakar alitaka Qur'ani ikusanywe mahali pamoja, baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama. Hii ilikuwa kazi nzito kuliko jeshi. Alimwita Zaid bin Thabit, naye alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na miwili. Sababu alizompa ni nne: kwamba ni kijana, kwamba ana akili, kwamba hatuhumiwi kwa lolote, na kwamba alikuwa akiandika wahyi mbele ya Mtume. Hapa ujana wenyewe ulihesabiwa kuwa ni sifa, maana kazi ilitaka macho, miguu na subira ya kukusanya vipande kutoka kwa watu wengi. Lakini haukuachwa peke yake; uliambatana na akili, na jina safi, na mazoea ya kazi ile ile. Zaid mwenyewe aliona kwamba kuhamisha mlima kungekuwa kwepesi kuliko kazi hiyo. Kijana anayeutaka uongozi bila ya kuuogopa hata kidogo, yafaa arudi aisome habari ya Zaid.

Na Sayyidna Umar, alipokuwa Khalifa, alimkalisha Abdallah bin Abbas katika baraza la wazee waliopigana Badri. Wazee waliuliza kwa nini kijana huyu aingie, nao wana watoto wa rika lake. Umar hakujibu kwa maneno peke yake. Aliwauliza wote maana ya Suratun-Nasr. Wengine walitoa maana ya juu, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akaeleza kwamba ndani yake mna ishara ya kukaribia kufa kwa Mtume. Umar akasema kwamba na yeye haelewi ila hivyo. Baraza likatulia. Mtoto aliingizwa barazani kwa kazi aliyoionyesha mbele ya wazee, wala hakuingizwa kwa kuwasukuma.

Katika nchi ya Uganda upo mfano ulio karibu zaidi. Mwanamfalme Badru Kakungulu alizaliwa mwaka 1907. Baba yake, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, alikuwa nguzo ya Waislamu wa Buganda, naye alifariki mwaka 1921. Kijana wa miaka kama kumi na minne akaachiwa jina kubwa na mzigo mkubwa. Jina alilirithi, kazi hakuirithi. Katika mwaka 1944 kilianzishwa chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, naye alikuwa mbele katika jambo hilo, akatoa na ardhi yake kwa ajili ya dini na elimu. Msikiti wa Kibuli ulifunguliwa mwaka 1951, na unaonekana juu ya kilima chake mpaka leo. Alifariki mwaka 1991. Nani leo, akisimama Kibuli, huuliza Mwanamfalme huyu alikuwa na umri gani alipoanza? Watu huuliza alifanya nini.

WANAUME NA WANAWAKE

Jambo hili linataka uangalifu, kwa kuwa wapo wanaolizungumza kwa hasira, na hasira si elimu.

Kuna hadithi mashuhuri, iliyosemwa Mtume alipopata habari kwamba Waajemi wamemtawaza binti wa mfalme wao. Wanavyuoni wengi wameichukua kuwa ni juu ya ukhalifa, yaani uongozi mkuu wa dola. Juu ya kazi zilizo chini ya hapo wamehitalifiana tangu zamani: Imamu Abu Hanifa aliruhusu mwanamke kuwa kadhi katika mambo ambayo ushahidi wake hukubaliwa, na Imamu Ibn Jarir Tabari imepokewa kwake kwamba aliruhusu kwa jumla. Basi ikiwa maimamu walijadiliana juu ya kiti cha kadhi, kwa hoja gani mtu amzuie mwanamke kuweka hesabu za fungu la wajane, au kukaa katika halmashauri ya shule wanayosoma binti zake?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Bibi Hafsa, mke wa Mtume na binti wa Sayyidna Umar. Umar alipata shamba Khaibar, akaliweka wakfu. Na wakfu huo ni katika wakfu za mwanzo mashuhuri katika Uislamu, ambao vyama vyote vinaufuata mpaka leo. Akaandika nani atausimamia baada yake. Hakuandika jina la mwanawe Abdallah, ingawa alikuwa mtu mzima, mcha Mungu na mwanachuoni. Aliandika jina la Hafsa, maadam yu hai, na baada yake wenye busara katika jamaa yake. Kadhalika zile karatasi za Qur'ani alizozikusanya Zaid zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa Hafsa. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu ya kupeleka miji mbalimbali, alituma kwa Hafsa kuziazima, akazinakili, akamrudishia.

Umma ulikuwa na wanaume wengi wakati huo. Mbona Hafsa? Jibu moja lipo katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud: Hafsa alikuwa anajua kuandika, na aliyemfundisha ni mwanamke mwingine, Shifaa binti Abdallah. Kalamu aliyoishika mwanamke huyo ndiyo iliyomwezesha, miaka baadaye, kushika hati ya wakfu. Anayewanyima binti zake kalamu leo asishangae kesho akikosa wasimamizi.

Katika mwaka 6 wa Hijra (628), pale Hudaibiya, masahaba walikuwa na huzuni kwa sababu ya mkataba, na Mtume akawaamuru wachinje na wanyoe, hakuinuka mtu. Aliingia hemani kwa Bibi Umm Salama, akamweleza. Bibi huyo akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Mtume akafanya hivyo, na watu wote wakainuka wakafuata. Katika mkusanyiko wa watu zaidi ya elfu, rai iliyofungua fundo ilitoka kwa aliyekuwa ndani ya hema.

Ndani ya Afrika kuna habari ya Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio wa Sokoto, aliyeishi tangu mwaka 1793 hata 1864. Aliona wanawake wa vijijini hawana wa kuwafundisha dini. Wenye watoto wachanga hawakuweza kusafiri. Basi aliwapanga wanawake watu wazima waliokwisha lea, pamoja na wasichana wadogo, wakawa wanasafiri kwa makundi kuja kusoma kwake, kisha wanarudi kufundisha wenzao majumbani. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, naye akipewa kofia kubwa kuwa ni alama ya cheo. Huyu hakusubiri hali ibadilike. Alitazama kila umri unaweza nini, akaugawia kazi yake. Hiyo ndiyo maana ya kuongoza.

Na iangaliwe hali ya vyama vingi leo. Wanawake ndio wanaopika siku ya Maulidi, ndio wanaochanga kila mwezi, ndio wanaojua nyumba gani imelala na njaa. Lakini siku ya kusomwa hesabu hawapo, na wakiwapo hawaulizwi. Si katika uadilifu kwamba mtu atoe fedha zake na asijue zimekwenda wapi. Hapa haisemwi habari ya uimamu wa sala wala khutba ya Ijumaa. Hayo yana hukumu zake zinazojulikana. Inasemwa habari ya hesabu, shule, wagonjwa, wajane na mayatima. Katika mambo hayo mwanamke mwenye uwezo akiachwa na mwanamume asiye na uwezo akiwekwa, hasara si ya mwanamke yule. Ni ya yatima.

ELIMU

Katika habari zilizopokewa na Bukhari imo ya Amr bin Salima. Watu wake walikaa penye maji ambapo wasafiri hupita, naye mtoto huyo akizoea kusikiliza Qur'ani kwa wapitao na kuihifadhi. Makka ilipofunguliwa katika mwaka 8 wa Hijra (630), watu wake wakasilimu, wakaamrishwa awasalishe aliyehifadhi zaidi. Walipotazamana, hakuna aliyehifadhi kuliko Amr, naye ni mtoto wa miaka sita au saba. Wakamtanguliza. Nguo yake ilikuwa fupi, akisujudu inapanda. Mwanamke mmoja akawaambia watu wamsitiri msomaji wao. Wakanunua kitambaa wakamshonea kanzu, na Amr alisema kwamba hakuna kitu kilichomfurahisha kama kanzu hiyo.

Habari hii ina mambo mawili. La kwanza, elimu ilimtanguliza mtoto mbele ya ndevu. La pili, wale watu hawakusema kwamba kwa kuwa nguo yake ni fupi basi aondoke. Walimshonea kanzu. Kiongozi kijana au maskini, aliyepungukiwa na kitu, chama chake humkamilisha, hakimcheki.

Katika nchi hizi elimu ilikuwa na shida yake. Wakati wa utawala wa Kiingereza shule nyingi za Uganda zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Khofu yao ilikuwa na sababu. Lakini matokeo yake ni kwamba vijana wengi wa Kiislamu walikosa kalamu ya ofisini, wakabaki katika biashara, uchinjaji na kuendesha magari. Dawa haikuwa kulaumu wala kukaa. Kile chama cha mwaka 1944 kilijenga shule za Waislamu wenyewe. Na shule ya wasichana ya Nabisunsa ilianzishwa mwaka 1954. Katika mwaka 1988 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale, kinachosomesha wanaume na wanawake. Kwa hiyo leo hakuna tena udhuru wa kusema kwamba hakuna waliosoma.

Ila yapasa kuulizwa: waliosoma nini? Yupo aliyehitimu madrasa, anayejua mirathi kwa ukamilifu, lakini barua ya benki ikija huitia mfukoni kwa haya. Na yupo mwenye shahada, anayejua kuandika ripoti, lakini maiti akiwa ndani hajui aanzie wapi, wala hajui mzee gani apelekewe taarifa kwanza. Kila mmoja ana nusu. Wakidharauliana, chama kitakuwa na nusu mbili zisizokutana. Wakikaa meza moja, kimepata mtu kamili.

Wala vyeti visitukuzwe kupita kiasi. Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1926 katika nyumba ya Kiislamu, alikuwa na masomo ya shule ya msingi ya miaka minne tu. Mwaka 1955 chama cha TANU kilimkabidhi kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, na katika muda wa miezi michache maelfu walichukua kadi. Aliweza kwa sababu alijua mlango wa kupitia: vile vyama vya ngoma vya wanawake, ambavyo yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wao. Hiyo ilikuwa elimu, ingawa haikuwa na cheti. Lakini mtu asije akaichukua habari hii kuwa ni hoja ya kuacha shule. Kuwakusanya watu ni kazi moja, na kuandika bajeti ni kazi nyingine; mwenye hiyo ya kwanza huhitaji mwenye hiyo ya pili.

MASHAURI

Kwa hayo yaliyotangulia, chama kitakacho heri chaweza kushika mambo matano.

Kwanza, kabla ya kutajwa jina la mtu, isomwe kazi: inataka nini, inatumia siku ngapi, na inahitaji ujuzi gani. Jina litajwe baadaye.

Pili, kila cheo kiwe na muda, na kila mzee mwenye kazi awekewe kijana wa kujifunza kando yake. Kijana huyo asiwe wa kupanga viti. Aandike kumbukumbu, aende benki pamoja na mzee, auone mpaka wa kiwanja kwa macho yake. Hutokea mzee akafariki na hati za ardhi zimo katika sanduku lake la nguo, warithi hawajui ni karatasi za nini, na baada ya miaka michache jirani amejenga juu ya ardhi ya msikiti. Hapo hakuna aliyeiba; hapana tu aliyefundishwa.

Tatu, wanawake wachague wenyewe watu wao katika halmashauri, na hesabu zisomwe mbele ya wote, wanaume kwa wanawake.

Nne, aliyesoma dini na aliyesoma dunia watie sahihi pamoja katika mambo ya wakfu, pasiwe na fedha itokayo kwa sahihi moja.

Tano, anayeshindwa kazi aambiwe mapema na kwa heshima, kama Abu Dharr alivyoambiwa, na ampishe anayeweza bila ya kuonekana amefukuzwa. Na mwenye kuondoka atoe mkono wa ufunguo mbele ya mkutano, ili kila mtu ajue ufunguo uko wapi.

Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya Kiyama alieleza kwamba amana ikipotezwa basi Kiyama kisubiriwe; na kupotezwa kwake ni mambo kupewa wasiostahiki. Wasiostahiki hao hawakuelezwa kwa umri wao, wala kwa uume au uke wao, wala kwa vyeti vyao. Wameelezwa kwa kutostahiki kwao kazi waliyopewa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokianzisha chama hiki, awape subira wazee wanaokishika, awape adabu na bidii vijana watakaokishika, awahifadhi kina mama waliokibeba bila ya kutajwa, na awajaalie watakaochaguliwa kuwa wenye nguvu na waaminifu. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.